Onja Kwanza

Ilias alitaka nyama ya kaka yake irudishwe. Alisimama mbele ya meza ya daktari na kitambaa cheupe mkononi, kimefuliwa na kukunjwa, kwa sababu kiungo kikitoka mwilini mwa Mwislamu huzikwa, hakitupwi kwenye ndoo ya hospitali pamoja na pamba chafu. Shimo lenyewe alikuwa ameshalichimba nyuma ya nyumba yao ya Bwiza. Majirani walilichungulia juu ya ukuta bila kuuliza kitu, na hiyo ndiyo njia mbaya zaidi ya kuuliza.

"Hatukukuja na ugomvi, dokta," alisema. "Mulichukua kipande ya figo ya Shakuru, mukaangalia. Sawa. Sasa mutupatie, tuende tukazike."

Dokta Odette alivua miwani. "Mnafikiri kilikuwa kikubwa kiasi gani?"

Ilias akaonyesha kidole gumba.

"Pengine zaidi," alisema Mama Khadidja, mama yao, ambaye alikuwa amekalia kiti pekee cha wageni. "Pengine figo nzima. Sisi tutajuaje? Walimulaza kifudifudi, mulango ukafungwa. Kwetu Bwiza watu wanasema mutu anaingia hospitali na figo mbili, anatoka na moja na karatasi."

Kudra, mke wa mgonjwa, alikuwa amesimama karibu na mlango, amebeba mkoba wa mama mkwe wake. Hakusema neno. Hata ndani ya nyumba yake mwenyewe Kudra alikuwa mtu wa kusema mwisho, na mara nyingi mwisho ulipofika, wengine walikuwa wameshaondoka.

"Kilikuwa chembamba kama uzi wa cherehani," alisema daktari. Alifungua kisanduku, akatoa kipande cha kioo chenye urefu wa kidole. "Tumekikata tena, kila kipande chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Tumekitia rangi ili kionekane, tukakibandika hapa. Huyu ndiye Shakuru."

Ilias alikipeleka kioo dirishani. Katikati palikuwa na alama ya waridi, hafifu, kama mahali mtu alipofuta mdomo.

"Hii?" alisema. "Mutoto akimwaga juisi anaacha kubwa kuliko hii."

"Ndiyo hiyo."

"Na kitambaa changu nimekata mita nzima," alisema Ilias, na kwa mara ya kwanza tangu waingie alionekana hajui aweke wapi mikono.

Daktari aliigeuza kompyuta yake iwaelekee. Alieleza kwamba mashine ilikuwa imekipiga picha kioo chote, na picha ile ilikuwa na uwezo wa kukuzwa mpaka chembe moja ya mwili ionekane kama sahani. Watu wa utafiti waliokuwa wakifanya kazi pamoja naye, walioko Ulaya, walikuwa wameitazama picha hiyohiyo siku ileile.

"Kumbe!" alisema Ilias. "Nyama iko hapa Kamenge, lakini picha imeshapanda ndege."

"Mgonjwa alitia sahihi."

"Mugonjwa alikuwa na homa. Siku ile angetia sahihi hata kuuza mama yake."

"Ilias," alisema Mama Khadidja.

Lakini Kudra alikuwa ameacha kuwasikiliza. Alikuwa akiitazama picha. Aliona viduara vingi vilivyopakana, kila kimoja na ukingo wake, kama mashamba ya mpunga ya kwao Buterere ukiyatazama kutoka juu ya tuta. Upande mmoja kingo zilikuwa nzima. Upande mwingine zilikuwa zimebomoka na kila kitu kimeingiliana, kama mashamba yale asubuhi baada ya mafuriko, wakati hakuna tena anayejua lake liko wapi. Na juu ya ule upande uliobomoka kompyuta ilikuwa imetia madoa mekundu, mengi, kama surua.

"Kila doa ni chembe iliyokufa au inayokufa," alisema Dokta Odette. "Figo ni mirija midogo ya kusafisha damu, na ukuta wa kila mrija umejengwa kwa chembe hai. Hizi zilizojikunja zimekufa taratibu: mwili ukiona chembe imeharibika, huiamuru ijiondoe. Lakini hizi zimepasuka. Hizi zimeuawa. Sukari haiui hivi, presha haiui hivi. Kuna kitu kinaingia, na kinaingia kila siku."

"Kinaingia wapi?" aliuliza Mama Khadidja.

"Mdomoni, nadhani. Anakunywa dawa za miti?"

"Apana. Sisi watu wa mujini, dokta. Sisi si watu wa kuchemsha majani."

"Vidonge vya dukani?"

"Apana. Chai, maji, chakula, kama watu wote."

"Nani anampikia?"

Mama Khadidja hakugeuka. Alinyoosha tu kidevu kidogo kuelekea mlangoni. "Huyu," alisema.

Wote watatu wakamtazama Kudra. Alishusha macho kwenye mkoba. Daktari akaona swali lake lilichofanya, akaharakisha kusema kwamba hakumaanisha mtu amemwekea kitu, sumu ni nyingi na maabara haiwezi kuzitafuta zote, wamletee tu kila kinachoingia mdomoni mwake. Alisema pia kwamba chembe zilizobaki zikiendelea kufa hivi, Shakuru ataishi kwa mashine ya kusafisha damu. Waliijua mashine hiyo. Jirani yao mmoja aliuza nyumba kwa ajili yake, na nyumba ikaisha kabla ya ugonjwa.

Ilias alikunja kitambaa chake, akakirudisha mfukoni. Hakukihitaji tena. Alikuwa amepata kitu kingine cha kushika.


Mjini petroli ilikuwa imekosekana tena, na magari machache yaliyotembea yalijaa kabla ya kusimama. Walipopata teksi, Ilias alimpandisha mama yake nyuma, akaingia naye, akavuta mlango.

"Nafasi imeisha, shemeji," alisema dirishani, ingawa kati yao palikuwa na mahali ambapo mtu mzima angekaa na kuku wake. "We utatembea polepole."

Kudra alitembea kutoka Kamenge mpaka Bwiza na mkoba wa mama mkwe wake begani. Alipofika, habari ilikuwa imemtangulia. Wanawake waliokuwa wakichagua maharagwe kwenye baraza ya jirani waliitikia salamu yake huku wakiitazama mikono yake.

Shakuru alikuwa amelala sebuleni kwenye godoro, miguu imevimba inang'aa. Cherehani yake kubwa ya kushonea viti vya magari ilikuwa imefunikwa shuka pembeni. Alimnyooshea mkono mkewe, lakini mama yake alikuwa amekaa katikati yao.

Kudra aliingia jikoni, akapika chai ya tangawizi kama kila jioni, akaileta. Mama Khadidja akaweka kiganja juu ya kikombe.

"Onja kwanza."

"Mama?"

"Onja. Kama ni chai tu, chai haiui mutu."

"Mama, acha basi," alisema Shakuru, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Kudra alichukua kikombe, akanywa funda moja, akameza. Chai ilikuwa ya moto mno, macho yakamjaa machozi, na aliona kwamba machozi yenyewe yalihesabiwa upande mbaya. Mama Khadidja alisubiri, akimwangalia koo, kama mtu anayesubiri sufuria ichemke. Kisha akampa mwanawe kikombe.

Ikawa desturi. Chai, uji, maji ya kunywa, hata maji ya kusukutua: onja kwanza. Siku za mwanzo Shakuru aligeuza uso ukutani wakati mkewe anaonja. Halafu asubuhi moja Kudra alichelewa kidogo kuinua kikombe, na akamwona mumewe akimwangalia koo vilevile.

Hapo ndipo alipoogopa kweli.


Haukupita muda akaondolewa jikoni kabisa. Sumaya, mke wa Ilias, alianza kuleta chakula kutoka kwake kwenye sufuria iliyofungwa kwa kanga, mafundo mawili. Alikuwa mwanamke mwenye kuchekacheka, na hata katika hili hakuweza kujizuia.

"Usinikasirikie, Kudra wangu," alisema akifungua fundo. "Mi nimeambiwa kufunga, nafunga. Wangeniambia kufungia na kufuli ningefungia na kufuli."

"Sijakasirika, dada."

"Ungekasirika kidogo, ingesaidia. Mutu akinyamaza hivi watu wanajaza wenyewe."

Ilias alikusanya vitu vyote vya jiko la Kudra kwenye kikapu: chumvi, mafuta ya mawese, dagaa, majani ya chai, tangawizi, unga wa muhogo, hata mwiko. Alikibeba kikapu kichwani mchana kweupe, akapita barabara yenye maduka badala ya njia ya mkato, na kila aliyemuuliza anapeleka wapi alimjibu, "Hospitali. Vitapimwa."

Majibu yalirudi: chumvi ni chumvi na dagaa ni dagaa.

"Basi ameficha," alisema Ilias.

"Au ameacha," alisema Mama Khadidja. "Ameona tumemushtukia."

Lakini kama ameacha, Shakuru alipaswa kupata nafuu, na hakupata. Alikuwa akila kwa Sumaya tu, na bado uso ulivimba, mkojo ulipungua, alitapika. Kudra aliliona hilo, akangoja mtu mwingine aliseme. Ilias alipolisema, alilisema kwa namna yake: "Sumu ya mwanzo bado inafanya kazi. Hizi za Buterere zinakaa mwilini."

Kudra alizaliwa Buterere, akaacha shule darasa la tano mwaka maji yalipoingia nyumbani kwao na hayakutoka. Alisilimu alipoolewa, na jina la Kudra alipewa siku hiyo. Kwa watu wa mtaa ule, ambao babu zao walijenga msikiti kwa mikono yao, siku hiyo ilikuwa jana.

Kwa sababu hiyo kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuruhusiwa kukigusa hata kabla ya mambo haya. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri Mama Khadidja alimletea mwanawe kombe. Maalim Twalibu huandika aya za Kurani kwa wino wa zafarani ndani ya bakuli jeupe, maandishi yakikauka yanaoshwa kwa maji kidogo, na mgonjwa anakunywa maji hayo. Mama Khadidja aliyaanza makombe hayo mara tu Shakuru alipopata kazi kubwa ya kushona viti vya mabasi, ili kumkinga na macho ya watu. Alipoanza kuvimba, yakawa ya kumponya. Alivyozidi kuumwa, ndivyo aya zilivyozidi kuwa ndefu. Bakuli aliliosha Mama Khadidja mwenyewe, na maji ya kuoshea aliyamwaga kwenye mizizi ya mdimu, pasipokanyagwa na mtu.

Asubuhi moja Mama Khadidja aliitwa mlangoni. Shakuru alikunywa, akabakiza, mara kichefuchefu kikamshika, na bakuli likaanza kumponyoka. Kudra alilidaka. Alimshika mumewe kichwa mpaka akamaliza kutapika, na ndipo alipotazama alichokuwa amekishika.

Maji yalikuwa yametulia. Chini yake palikuwa na tabaka la njano, zito, linalometa, limeng'ang'ania ule weupe kama rangi ya mlango. Aliligusa. Lilikuwa na chengachenga laini. Alinusa kidole. Hakikunuka chochote.

Yeye mwenyewe aliwahi kunywa kombe mara moja, siku ya ndoa yake. Zafarani ile mama mkwe aliinunua kwa mzee Moosa, Mwarabu mwenye duka la zamani karibu na soko, nyuzi chache zilizofungwa katika karatasi. Kudra aliikumbuka kwa sababu alikuwa hajawahi kunywa kitu chenye harufu ile, kama asali na majani makavu pamoja. Alipomaliza, bakuli lilibaki jeupe kabisa.

Akakumbuka daktari: kuna kitu kinaingia, na kinaingia kila siku. Akakumbuka majibu waliyompa: chai, maji, chakula. Hakuna aliyedanganya. Nani angeyahesabu maneno ya Mungu pamoja na vinywaji?

Miguu ya Mama Khadidja ilisikika ikirudi. Kudra aliliweka bakuli pale lilipokuwa, akaufuta mkono kwenye kitenge. Njano haikutoka.


Alijaribu kwanza kwa Shakuru, mchana, walipobaki wawili.

"Baba, lile kombe... unalionaje?"

"Kivipi?"

"Rangi yake. Inabaki chini."

Shakuru alifungua macho. Alimtazama muda mrefu, na Kudra akaona namna anavyoyaweka maneno yake kwenye mizani, upande mmoja yeye, upande wa pili mama yake, msikiti na mtaa mzima.

"Kudra," alisema, "usirudie maneno hayo. Wakiyasikia, mi sitaweza kukutetea."

"Hujanitetea hata sasa," alisema Kudra. Alishangaa kujisikia. Shakuru akageuza uso ukutani.

Baada ya alasiri alijifunika vizuri, akaenda kwa Maalim Twalibu. Maalim alikuwa fundi wa saa, na meza yake ndogo ilikuwa imejaa saa zilizofunguliwa matumbo. Kudra alisimama kizingitini. Njiani alikuwa amelipanga neno la kwanza na la pili, lakini yote mawili yalikuwa yamemtoka.

"Ingia au toka, binti, unanizibia mwangaza."

"Maalim, nimekuja kuuliza wino."

"Wino gani?"

"Wa kombe la mume wangu."

Maalim aliweka chini kibano chake. "Nani amekutuma? Dokta?"

"Hakuna."

"Hospitali inataka bakuli yangu wakapime? Wamemaliza dagaa, sasa wanataka Kurani?"

"Apana, maalim."

"Unajua unachosema? Ukitoka hapa ukamwambia mutu mwingine hivi, watasema Kudra anadai aya za Mungu zina sumu. Na miye nitakuwa mutu wa kwanza kukasirika."

Aliutazama mkono wake, ukucha bado ulikuwa na njano.

"Maneno sina shaka nayo," alisema. "Niliyanywa siku ya ndoa, wewe uliniandikia. Bakuli lilibaki jeupe. Hili halibaki jeupe. Nauliza wino tu."

Saa zake ziligonga, kila moja na wakati wake. Hatimaye Maalim alivuta droo akatoa mfuko mdogo wa plastiki uliojaa unga wa njano. Kila nyumba huleta zafarani yake yenyewe, alisema, ndiyo adabu, na hii aliileta Mama Khadidja: zafarani ya kwa Moosa, imesagwa. Halafu kutoka mfuko wa kanzu alitoa kikopo cha dawa cha zamani, chenye nyuzi chache nyekundu zilizokaukiana. Hiyo ilikuwa yake.

Alitia maji katika bilauri mbili. Katika moja aliweka uzi mmoja, katika nyingine unga kidogo kwenye ncha ya kisu. Unga uliwaka njano mara moja, mzuri sana, mzuri kuliko zafarani. Ule uzi ulielea tu, bila haraka, ukianza kutoa rangi pembezoni.

"Umeona?" alisema Maalim. "Yake ni nzuri kuliko yangu."

"Tusubiri kidogo, maalim."

Walisubiri. Maalim aliirudia saa yake, akakaza skrubu, akainua kichwa, akashusha, akainua tena. Bilauri ya uzi ilikuwa sasa na rangi ya dhahabu kutoka juu mpaka chini. Ile ya unga ilikuwa imeanza kuwa maji matupu juu, na chini njano ilikuwa inakaa, tabaka juu ya tabaka.

Maalim aliinusa. Akaweka kidole, akataka kukitia mdomoni, akasita, akakifuta.

"Sikuangalia," alisema. "Aliyeniletea ni mutu wa heshima. Sikuangalia hata mara moja."


Maalim Twalibu alikuja Ijumaa baada ya sala, na kanzu yake ya msikitini. Ilias alimpisha kiti. Mama Khadidja alitaka kuita soda, akamzuia.

"Mama Khadidja, ile zafarani ulinunua wapi?"

"Kwa Moosa. Si nilikuambia?"

"Nimetoka kwa Moosa sasa hivi. Anakusalimia sana. Anauliza alikukosea nini, siku nyingi hakuoni dukani."

Mama Khadidja alikuwa akizungusha tasbihi. Punje zikasimama.

Kudra alikuwa kwenye mlango wa jikoni, mahali pake. Alitamani mtu aseme haraka, yeyote, ili ule uso usiendelee kuonekana. Alikuwa na haki ya kufurahi, na alijitafutia hiyo furaha, asiione.

"Kila kitu kimepanda," alisema Mama Khadidja mwishowe, polepole. "Zafarani yake ile kidogo ni bei ya nyama ya wiki nzima. Na Moosa ananijua toka niko mwari. Ningesimama pale mbele ya watu niseme punguza? Mimi?" Aliweka tasbihi mapajani. "Kuna mwanamuke sokoni, yule wa rangi za mikeka. Alisema nayo ni zafarani, ya Kihindi."

"Ukamuamini?"

"Nilijua si ile," alisema. "Sikujua ni hii."

Shakuru alikuwa amejiinua kwenye kiwiko. Ilias alikuwa ameduwaa, akitazama huku na huku kama mtu aliyekuta nyumba yake imehamishwa mlango.

"Kwa hiyo munasema Kurani ndiyo—"

"Funga mudomo, Ilias," alisema Maalim Twalibu. "Maneno yalikuwa safi. Kilichokuwa kichafu ni tulichoandikia, na aliyeandika ni mimi. Chukua huu mufuko, upeleke Kamenge. Na usiubebe kichwani."

Ilias aliuchukua. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya Kudra.

"We ulijua toka lini?"

"Toka juzi, shemeji."

"Na siku hizo zote ukanyamaza, kaka anakunywa?"

Alikuwa amenyamaza siku mbili kwa sababu yao, na sasa hizo siku mbili ndizo zilizokuwa kosa lake. Kudra alimtazama. Kwa kawaida angeshusha macho.

"Jana na leo hakunywa," alisema. "Makombe yaliyokuwa yameshaandikwa niliyamwaga kwenye mudimu, Mama alipogeuka. Nikamuwekea maji na tone la mawese la maharagwe ya Sumaya."

Kutoka kwenye godoro Shakuru alicheka, kicheko kidogo kikavu, cha kwanza tangu walipoifunika cherehani.

"Ndiyo maana," alisema. "Nilisema leo Mungu ana ladha ya maharagwe."

"Astaghfirullah," alisema Maalim, lakini alikuwa amejifunika mdomo na kilemba chake.


Unga ule ulikuwa na risasi, madini yaleyale yaliyomo ndani ya betri ya gari. Dokta Odette alisema hutiwa katika rangi ili njano iwake, na sasa alipojua la kutafuta, aliyakuta pia katika damu ya Shakuru. Alimwanzishia dawa ya kuyatoa. Safari hii waliingia wawili tu, mume na mke, na daktari alivuta kiti cha pili kutoka chumba cha jirani.

Aliifungua tena ile picha. Kudra aliuliza kwa sauti ndogo kama madoa mekundu yatafutika.

"Zilizokufa hazirudi," alisema daktari. "Lakini hizi zilizo kando, zikiachwa kupumua, hujigawa na kujaza nafasi. Si zote. Hatakuwa na figo za zamani, na ataogopa chumvi maisha yake yote. Ila nadhani mashine hatutaihitaji."

Kudra aliutazama ule upande ambao kingo zilikuwa bado zimesimama. Baada ya mafuriko kwao, walianzia hapo siku zote, kwenye tuta ambalo halikuanguka.

Mtaani habari haikurudi kwa kasi iliyotoka nayo. Wapo waliosema ni rangi, wapo waliosema familia inamfichia yule wa Buterere aibu. Ilias hakupita barabara ya maduka kuwaeleza. Lile shimo nyuma ya nyumba lilibaki wazi mpaka mvua ilipolifukia. Sumaya aliendelea kuleta chakula kwa sababu alikuwa amezoea, lakini bila fundo, na siku nyingine alikuja mikono mitupu, akaketi jikoni kwa Kudra akingoja apewe.

Mama Khadidja hakusema samahani. Alisali, akakaa, na chai ya Kudra ilipoletwa aliinywa akitazama pembeni.

Asubuhi moja miguu ya Shakuru ilikuwa imerudi kuwa miguu, na alikuwa ameomba cherehani ifunuliwe. Mama yake aliingia na bakuli jeupe mikononi. Mzee Moosa alikuwa ametuma nyuzi chache ndani ya karatasi, na hakutaka kusikia habari ya bei. Maalim alikuwa ameandika.

Shakuru alinyoosha mkono. Mama Khadidja alimpita. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa jikoni, alipokuwa amesimama Kudra, akasimama mbele yake karibu sana, kama watu wanaopimana urefu. Akaliinua bakuli, akanywa funda moja, akameza. Koo lake la kizee lilipanda na kushuka. Halafu akasubiri, wazi kabisa, uso umeinuliwa, muda uleule aliokuwa akimsubirisha mwenzake.

"Mama, si lazima," alisema Kudra.

"Najua."

Akanywa funda jingine. Kisha akamkabidhi bakuli, lile ambalo Kudra hakuwahi kuruhusiwa kuligusa.

Kudra alilipokea kwa mikono miwili. Mumewe alikuwa akingoja. Lakini kabla ya kumpelekea, aliliinamisha kidogo kuelekea kwenye mwangaza, akatazama chini ya maji, taratibu, ukingo huu mpaka ukingo ule.

Mama Khadidja alisimama pale, akamwacha aangalie mpaka atosheke.